Somo, niliipa toko ya Tante nyota moja

Assalaam alaykum Somo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 40. Nilizaliwa Mombasa, mamangu akanileta Uholanzi mwaka 1993 nikiwa na miaka kumi, nikakulia Den Haag. Mwaka 2013 mume wangu alipata kazi Muscat, tukahama, na huko tukakaa miaka kumi. Oktoba iliyopita tumerudi. Nikisema "tumerudi nyumbani" mawifi zangu wa Muscat hucheka: nyumbani gani huko kwenye baridi? Waache wacheke. Mimi mji huu naujua hata gizani.

Nyuma ya mtaa wetu wa zamani palikuwa na toko. Kwa wasomaji wako wasioishi huku, toko ni neno la Kiindonesia, maana yake duka tu, lakini Uholanzi ndilo lile duka dogo lenye viungo na vyakula vya Kiindonesia, na kando kuna kabati la kioo lenye vyakula vilivyopikwa. Unaonyesha kwa kidole, unafungiwa. Mwenyewe tulimwita Tante, shangazi, kama walivyomwita watu wote pale. Nyama yake ilikuwa halali, na karatasi ya buchari aliibandika kwenye kioo. Mamangu, ambaye hali kwa watu ovyo, kwa Tante alikula.

Kila Jumamosi nilinunua nasi rames. Ni sahani ya wali na vitu vya kuchanganya: nyama ya rendang iliyopikwa kwa tui na viungo, maharage machanga ya sambal, yaani pilipili ya kusaga, yai la kuchemsha lililopakwa pilipili, na juu yake seroendeng, nazi iliyokunwa ikakaangwa kavu pamoja na karanga mpaka ikawa rangi ya mchanga wa pwani. Nilipokuwa naondoka Tante alinifungia kijiko kimoja cha seroendeng peke yake kwenye kipande cha karatasi. Hakutumia gundi wala mpira. Aliikunja kona nne, moja juu ya nyingine, kama sonara anavyofunga kipini, akasema, "Ya kwenye tramu." Nikifika kituo cha tatu nimeshamaliza, nalamba karatasi.

Muscat nilikiota chakula kile. Jirani yetu alikuwa na dada wa kazi aliyetoka Sumatra Magharibi, akasikia habari zangu, siku ya Idi akaniletea bakuli la rendang aliyoipika mwenyewe. Ilikuwa nyeusi, kavu, haina mchuzi hata tone. Nikamshukuru sana, lakini moyoni nikasema hii siyo. Nikawapa watoto.

Basi Jumamosi ya kwanza baada ya kurudi nikawachukua wanangu mpaka kwa Tante. Bango ni lile lile, kengele ya mlangoni ile ile. Nyuma ya kaunta yuko dada wa miaka thelathini hivi, simjui. Nikaagiza kama zamani. Sahani niliyoiacha yuro 8.50 sasa ni yuro 16. Nikalipa. Somo, ile rendang ilikuwa inaogelea, na tamu kama imetiwa jamu. Maharage yamelegea. Seroendeng haikuwapo kabisa, nilipouliza dada akasema leo hakuna. Mwanangu mdogo akanitazama akaniuliza, "Mama, hiki ndicho ulichokuwa unalilia?"

Nilipanda hasira kama mtu aliyeibiwa. Nikiwa bado kwenye tramu nikatoa simu, nikaandika kwa Kiholanzi, jina langu kamili na picha yangu. Nyota moja. Nikasema nimengoja miaka kumi kula chakula hiki, hii si toko niliyoijua, na kama hamwezi kupika kama zamani afadhali mfunge.

Baada ya wiki mbili simu ikaniambia mwenye duka amejibu. Aliandika hivi tu: "Mama alifariki Februari. Bado tunajifunza. Samahani kwa chakula chako."

Tangu siku ile sijapita mtaa ule. Nashuka kituo cha mbele, nazunguka na mvua yangu. Watu 23 wamebonyeza kwamba maoni yangu yamewasaidia, na kila akiongezeka mmoja simu inanijulisha, tumbo linanikata. Mume wangu anasema futa, yaishe. Mama anasema nipike sufuria la biriani nimpelekee yule binti. Mimi naona yote mawili hayatoshi. Tena niseme kweli: chakula kile hakikuwa kizuri. Nikienda kuomba radhi si nitakuwa nadanganya? Na nimejaribu mikahawa mingine mitatu ya Kiindonesia hapa mjini, mmoja wa rijsttafel, karamu ya vibakuli vingi, wenye vitambaa vyeupe mezani. Ladha ile sijaipata popote. Ndiyo imepotea, Somo?

Mwenye haya, Den Haag

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, chukua simu ufute yale maneno. Nakungoja.

Haya. Mumeo kasema kweli, ila kasema nusu. Kufuta ni kwa ajili ya wale 23 na watakaofuata. Yule binti ameshasoma, na ameyasoma usiku, duka limefungwa, mikono inanuka vitunguu. Hayafutiki kwake kwa kidole chako. Na usije ukaandika mengine ya nyota tano kufidia. Huo utakuwa uongo, naye atautambua.

Biriani iache jikoni. Mamako ana moyo mzuri, na kwa jirani mwingine yeyote ningekwambia pika, weka na kachumbari. Lakini mtu uliyemwambia mbele ya mji mzima kwamba hajui kupika, ukimtokea na sufuria, atadhani umekuja kumwonyesha.

Sasa nikwambie kilichonikera. Barua yako nimeisoma mara tatu natafuta mahali uliposema pole. Sikupaona. Umesoma "Mama alifariki" ukaanza kuhesabu aibu yako, vituo vya tramu unavyoruka, na mvua inayokunyeshea. Mwanamke aliyekulisha ujana wako wote amekufa, na wewe hujaenda kuhani. Hilo ndilo deni la kwanza. Kuomba radhi kutaingia humo humo ndani ya pole.

Nenda siku ya kazi, saa tisa alasiri, wale wa chakula cha mchana wameshaondoka na wa jioni hawajafika. Usiende Jumamosi kuna foleni, utamfanya akusamehe mbele za watu. Watoto waache nyumbani. Sema wewe ndiye uliyeandika, sema umefuta, sema hukujua kama mama yake amefariki, na kwamba hata angekuwa hai neno la "mfunge" halikuwa la kumwambia mtu. Kisha nyamaza. Kama atakasirika, pokea. Akikuambia toka, toka.

Akikusikiliza, mwambie habari ya karatasi iliyokunjwa kona nne. Nakuhakikishia hiyo huenda haijui. Watoto wa wenye maduka wako nyuma wanaosha masufuria, upande wa mbele wa mama zao wanaoujua ni wateja. Tangu Februari watu wengi wamemwambia mama yako alikuwa mtu mwema. Hayupo aliyemwambia jinsi alivyofunga kijiko kimoja cha nazi kwa ajili ya mtoto wa watu.

Kuhusu kudanganya, umejitungia mtego usiokuwapo. Hatakuuliza kama kilikuwa kitamu. Akikuuliza, sema kilikuwa si kama cha mama. Analijua hilo kuliko wewe, ndiyo maana aliandika "bado tunajifunza".

Tuje kwenye ladha, na hapa nikugombeze kidogo.

Yule dada wa Muscat. Umesema alitoka Sumatra Magharibi. Mwanangu, huko ndiko kwa Waminangkabau, na rendang ni chakula chao, kwao ndiko ilikozaliwa. Wao nyama ile huipitisha hatua tatu. Ikiwa ndani ya tui bado jepesi huitwa gulai. Mchuzi ukipungua ukawa mzito wa rangi ya kahawia, hiyo ni kalio. Ukiendelea kukoroga kwa moto mdogo, saa baada ya saa, tui linatoa mafuta yake, nyama inaanza kujikaanga ndani ya mafuta yale, inakuwa nyeusi na kavu. Hapo ndipo wanapoiita rendang. Wewe ni mtu wa Mombasa, umewahi kuona tui likichemshwa mpaka mafuta ya nazi yakajitenga na mashapo yakawa kahawia chini ya sufuria. Ni harufu ile ile. Dada wa watu alisimama jikoni kwa tajiri wake nusu siku, akakuletea ya kwao hasa, ukawapa watoto.

Simlaumu ulimi wako. Rendang unayoijua wewe, ya mchuzi mzito na utamu kwa mbali, nadhani ilikuwa kalio iliyopikwa kwa mkono wa Kijava, maana Wajava ndio wenye kutia sukari ya mnazi kwenye mchuzi bila kuona haya. Nayo ni halali yake. Ila usiiite ya asili halafu ukamtukana mtoto wa watu kwa jina la asili.

Tena wewe mwenyewe umejitaja. Umeniandikia "seroendeng". Indonesia leo wanaandika "serundeng". Ile "oe" ni herufi za Kiholanzi, Waindonesia waliiacha mwaka 1947 wakaweka "u", na mwaka 1972 wakaiacha pia "tj" wakaweka "c". Tazama vibao vya toko za zamani hapo Den Haag: ketjap (sosi ya soya), atjar (achari), kroepoek (chipsi za kamba). Hawakukosea tahajia. Hao ni watu walioondoka kabla kalamu haijabadilishwa, wakaondoka na maandishi yao kama walivyoondoka na vinu vyao.

Na waliondoka wengi. Indonesia ilitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, Waholanzi wakapigana kwanza, wakaja kukubali tarehe 27 Desemba 1949. Kuanzia 1945 mpaka katikati ya miaka ya 1960 watu wapatao 300,000 walihamia Uholanzi, wengi wao machotara wa Kiholanzi na Kiindonesia ambao Uholanzi hawakuwa wameiona hata siku moja. Den Haag ilipokea wengi kiasi cha kuitwa mjane wa Indonesia ya kikoloni. Wengine waliwekwa kwenye nyumba za wageni za serikali, hairuhusiwi kupika chumbani, wanalishwa viazi vya kuchemsha na mchuzi wa unga. Mchaichai hakuna, nazi hakuna, majani ya ndimu hakuna. Walipopata jiko lao wakapika kwa kumbukumbu na kwa kile kilichokuwapo dukani. Mimi simjui Tante wako, lakini kwa herufi hizo ulizoziandika naona ama yeye ama mama yake alipita njia hiyo. Mteja wake wa kwanza naye, bila shaka, alionja akasema si kama ya kule.

Mimi haya yamenikuta Tanga. Mwaka 1998 nilishuka basi, hata mizigo sijatua, nikaenda Ngamiani kumtafuta mzee wa kachori wa Barabara ya 8. Nikamkuta mwanawe. Kachori ndogo, chachandu nyepesi. Nikala nikasonya, kwa sauti, mbele yake. Wakati ule hapakuwa na nyota za kubonyeza, nashukuru Mungu, maana ningebonyeza. Siku ya tatu njaa ikanirudisha pale pale, na sikumbuki tena ya mzee ilikuwaje. Naikumbuka ya mwanawe.

Kwa hiyo ladha ya Tante sitakwambia utaipata. Pengine binti ataikaribia akishazoea, kwa sababu kosa lake moja naliona tangu hapa: anakata moto mapema. Rendang inayoogelea ni rendang iliyoharakishwa, na mtu aliye peke yake dukani, anayepokea pesa, anayejibu simu na anayekoroga, lazima aharakishe. Utamu ule wa jamu nao unatokana na hapo, sukari imetiwa ya sufuria lililokauka na sufuria halijakauka. Usimwambie. Akija kukuuliza mwenyewe, baada ya miezi, mama yangu alikuwa anafanyaje, hapo ulimi wako utakuwa na faida. Na bei usiitaje kabisa. Umeondoka miaka kumi, ulitaka mafuta ya kupikia yakungoje?

Mikahawa hiyo mitatu mingine umeitafuta vibaya. Rijsttafel si chakula cha toko. Ni karamu ya mabwana wa mashamba enzi za ukoloni, bakuli kumi na tano mezani, kila moja vijiko viwili, hujakijua chakula kimeshaisha. Ni nzuri kwa wageni na kwa siku ya kuzaliwa. Wewe tafuta mkahawa wa Kipadang, yaani wa upishi wa Sumatra Magharibi, uone vyakula vimepangwa dirishani sahani juu ya sahani, uagize ile rendang nyeusi uliyoikataa Muscat, safari hii ukiwa umekaa.

Halafu nenda kwa Wajava wa Suriname. Hao ni watu wengine. Kati ya 1890 na 1939 Waholanzi waliwasafirisha Wajava kama 33,000 kwenda kufanya kazi mashambani Suriname, Amerika Kusini, na nchi ile ilipopata uhuru mwaka 1975 watoto wao wengi wakaja Uholanzi. Den Haag wamejaa. Kula saoto yao, supu ya kuku yenye chipukizi za choroko na yai, kisha agiza telo. Usiulize telo ni nini, ngoja iletwe. Ni muhogo wa kukaanga, mwanangu, na pilipili pembeni. Mpeleke mamako, atalia. Nyumba zao nyingi wanapika halali, lakini uliza kila mahali, na ukiona neno babi kwenye menyu ujue ni nguruwe, uulize na kikaango kama ni kimoja. Usione haya kuuliza, wamezoea.

Vitu husafiri, ndivyo vilivyo. Karafuu yenyewe ilitoka Maluku huko huko Indonesia ikaja Unguja na Pemba, na hakuna Mpemba aliyewahi kuiambia ifungashe virago.

Seroendeng kaange mwenyewe, si kazi kubwa. Chukua nazi iliyokunwa, ile kavu ya paketi inafaa. Saga vitunguu, thomu, kipande cha tangawizi na bizari, kaanga kwa mafuta kidogo, tia bua la mchaichai lililopondwa, majani ya ndimu, ukwaju, sukari ya mnazi kijiko kimoja na chumvi. Tia nazi. Moto mdogo kabisa, na mwiko usiutoe mkononi, maana nazi huungua ukigeuka kutazama ujumbe. Nusu saa, pengine zaidi. Ikishakuwa rangi ile ya mchanga uliyoisema, tia karanga zilizokaangwa. Usimpelekee binti wa Tante. Mpe mwanao, yule aliyekuuliza swali, umkunjie kwenye karatasi kona nne, ale kwenye tramu.

Basi Jumanne saa tisa. Baada ya maneno yenu, kama hajakufukuza, agiza mayai mawili na wali, ulipe, usimwambie kitu kingine. Na nenda na bakuli lako.

Somo